Soksi za Betri Usiku wa Kupanda Uhuru

Kambi ya Barafu, mlimani Kilimanjaro, iko mita 4,600 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kabla hatujaondoka saa sita usiku, huwa nakagua miguu ya wageni wangu mmoja mmoja. Kichwa na kifua mtu huvifunika mwenyewe bila kuambiwa. Vidole vya miguu ndivyo husahauliwa. Navyo ndivyo vinavyotangulia kuumia, kwa sababu mwili ukizidiwa na baridi hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki kifuani.

Siku hizi wageni wengine wa Kilimanjaro huja na soksi za betri. Ni soksi nene zinazofika karibu na goti, na ukizipapasa utasikia nyaya nyembamba zilizoshonewa kwenye vidole. Nyaya hizo hupanda hadi kwenye kimfuko kilichopo juu ya shavu la mguu, mnamokaa betri ya lithiamu. Kitufe kina ngazi tatu: joto kali, la wastani na dogo.

Sasa piga hesabu. Kutoka Barafu hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni mwendo wa saa sita hadi nane. Kwenye joto kali, chaji ya betri nyingi huisha kwa saa mbili au tatu. Anayewasha akitoka hemani, saa tisa usiku hana kitu. Baridi yenyewe huuma zaidi saa kumi na saa kumi na moja, jua halijachomoza, tunapokaribia Stella Point, njiani kuelekea kileleni: hewa haba, hatua ndogondogo, watu wakisimamasimama kuvuta pumzi. Tena betri ya lithiamu ikipigwa na baridi hupungua nguvu. Iliyojaa kambini hukata mapema kule juu.

Kwa hiyo nawaambia waanze wamezima, maana mwendo wenyewe unapasha. Wawashe joto dogo vidole vikianza kuuma, wasisubiri vife ganzi. Betri za akiba zikae ndani ya koti, karibu na mwili. Na zikishapoa sana zisichajiwe mpaka zirudi kwenye joto la kawaida, la sivyo zitaharibika. Kwenye ndege, betri za akiba husafiri ndani ya mkoba wa mkononi.

Mgeni mmoja alivaa soksi za betri juu ya jozi mbili za sufu, akaushindilia mguu kwenye buti. Alilalamika kwamba betri ni mbovu. Nikamvua zile za sufu, nikalegeza kamba, na baada ya muda vidole vikaanza kucheza. Umeme peke yake hautoshi kuupasha mguu usiopitiwa vizuri na damu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni amwone daktari kwanza. Anaweza kuungua asijue.

Bei ya soksi hizi si ya mchezo, na wapagazi wenzangu wengi hawana. Mwenye fedha kidogo namshauri atangulize buti lenye nafasi na soksi kavu za sufu. Mimi nina jozi niliyoachiwa na mgeni aliyeshuka salama. Nikipanda huwa nimeizima. Naiwasha aliyechoka anapoketi kwenye jiwe nami nikasimama kumsubiri.