Mkono Ukifa Ganzi Rungwe, Tusianze na Kupe

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe hahitaji kufundishwa ubaya wa kupe. Ndigana kali anaijua, na dawa ya kuogeshea mifugo anajua inauzwa wapi. Ndiyo maana mtu wa huku ambaye vidole vimeanza kumfa ganzi, akisoma kwenye simu kwamba uko ugonjwa wa kupe uitwao Lyme, na kwamba unaharibu mishipa ya fahamu, anaona mambo yamekamilika: kupe anao bandani, ganzi anayo mkononi. Anafika kwa mganga akiomba kipimo cha Lyme na dozi ndefu ya antibayotiki.

Makala haya yanataka kumwepusha na mzunguko huo, kwa sababu mishipa ya fahamu haina subira. Miezi anayoitumia kumsaka kupe ndiyo miezi ambayo mkono wake ungeokolewa.

Lyme ni mji mdogo wa jimbo la Connecticut, Marekani. Katikati ya miaka ya 1970 watoto kadhaa wa eneo lile walivimba magoti bila sababu inayojulikana, na ugonjwa ukachukua jina la mji. Bakteria anayeusababisha alitangazwa mwaka 1982 na Willy Burgdorfer na wenzake. Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kumkumbuka bwana huyu. Alisomea Basel, Uswisi, chini ya Rudolf Geigy, yule yule aliyeanzisha maabara ya Ifakara mwaka 1957, na utafiti wake wa uzamivu ulihusu papasi wa Afrika, ambao ni jamii ya kupe, na bakteria wa homa ya papasi. Macho yaliyomtambua bakteria wa Lyme yalikuwa yamezoezwa kwa papasi wa kwetu.

Ila kupe wenyewe ni tofauti. Wanaobeba Lyme huishi katika misitu na nyasi za Amerika ya Kaskazini, Ulaya na sehemu za Asia zenye baridi, wakila damu ya panya na paa wa huko. Ugonjwa huo haujathibitika kuwa na makazi Afrika Mashariki. Kupe wa ng'ombe wako ana maovu yake, lakini hilo si mojawapo, na hata ndigana kali haimwingii binadamu. Aliyeishi Ujerumani, Sweden au Marekani na kuumwa na kupe huko amweleze daktari. Kwake swali la Lyme ni halali, na matibabu yake ni antibayotiki ya wiki mbili hadi nne. Wapo wanaobaki na maumivu na ganzi baada ya dozi hiyo. Majaribio yaliyofanywa Marekani na Uholanzi ya kuwapa antibayotiki kwa muda mrefu zaidi hayakuonyesha faida ya kudumu, na wengine walipata madhara ya dawa zenyewe. Wao pia wanahitaji zaidi kujifunza kuishi na mkono wenye ganzi, jambo nitakalolifikia.

Homa ya papasi, binamu wa Lyme, ipo Tanzania, hasa mikoa ya kati kama Dodoma. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuuma usiku. Homa yake hupanda, hutulia siku kadhaa, kisha hurudi; mara chache hupoozesha upande mmoja wa uso. Mtu aliyewahi kuugua homa hiyo anaweza kupimwa damu kwa kipimo cha Lyme kikatoa jibu la uongo kwamba anao, kwani bakteria hawa wanafanana. Kununua kipimo hicho kwa sababu tu umesoma habari zake ni kujitafutia mkanganyiko kwa fedha yako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mkono. Swali la kwanza ambalo mtaalamu anapaswa kukuuliza, na ambalo unaweza kujiuliza hapo ulipo, ni hili: kidole gani?

Kama ni kidole gumba, cha shahada na cha kati, na ganzi inakuamsha usiku hadi uukung'ute mkono ndipo ipungue, shaka ya kwanza ni mshipa unaopita katikati ya kiwiko cha kiganja, ndani ya njia nyembamba yenye mifupa upande mmoja na kano ngumu upande wa pili. Wachumaji wa chai, ambao vidole vyao vinakunja na kukunjua siku nzima, wamo katika kundi la hatari. Wamo pia mafundi cherehani, wajawazito na wenye kisukari. Tiba huanza na jambo dogo: kulala kiwiko cha kiganja kikiwa kimenyooka, kimefungwa kwa kitambaa juu ya kipande cha ubao mwepesi, bila kukaza. Mjamzito mara nyingi hupona baada ya kujifungua. Nyama iliyo chini ya kidole gumba ikianza kubonyea, usingoje tena. Kuna upasuaji mdogo wa kuifungua njia hiyo.

Kama ni kidole kidogo na jirani yake, hasa kama vimeanza kujikunja kama kucha za mwewe na nyama ya kati ya gumba na shahada imekauka, mtaalamu hupapasa nyuma ya kiwiko cha mkono, mahali pale ambapo ukijigonga unasikia shoti hadi kidoleni. Mshipa wa hapo ukiwa mnene na unauma ukibonyezwa, mwili mzima ukaguliwe mwangani kutafuta baka lililopauka au lenye wekundu ambalo halihisi pamba ikiligusa. Huo ni ukoma mpaka ithibitike vinginevyo.

Najua neno hilo linavyopokelewa. Watu wengi wanadhani ukoma ulikwisha. Tanzania ilifikia mwaka 2006 lengo la Shirika la Afya Duniani la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000, na sherehe za lengo hilo zimewafanya hata baadhi ya watumishi wa afya wausahau. Lakini wagonjwa wapya nchini bado ni zaidi ya 1,000 kwa mwaka, na duniani ni karibu 180,000. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Mnorwei Gerhard Hansen mwaka 1873, hukua polepole mno: kutoka kuambukizwa hadi dalili huchukua wastani wa miaka mitano, wakati mwingine hata 20. Wengi wetu tuna kinga ya asili dhidi yake. Huenezwa kwa kukaa muda mrefu karibu na mgonjwa asiyetibiwa, wala si kwa kupeana mkono msibani, na mgonjwa akianza dawa huacha kuambukiza mapema.

Dawa ni mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi sita au 12 kulingana na aina. Hutolewa bure. Zinaua bakteria barabara. Tatizo ni kwamba mshipa unaweza kuendelea kuumia hata bakteria wakiwa wamekufa, kwa sababu kinga ya mwili hushambulia mabaki yao humo humo ndani ya mshipa. Mgonjwa yuko katikati ya dozi, au ameimaliza mwaka jana na kupongezwa, halafu ghafla kiwiko kinauma, baka linavimba na kuwa jekundu, kidole kidogo kinakosa nguvu. Wengine hawasikii maumivu kabisa, mkono unalegea tu. Hapo dawa ni predinisoloni kwa wiki nyingi chini ya uangalizi. Mshipa uliopoteza kazi yake kwa chini ya miezi sita una matumaini ya kurudi. Ukipita muda huo matumaini hupungua sana. Wagonjwa wanaopoteza mikono baada ya kupona ukoma ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri, na kosa ni letu sisi watoa huduma tunaohesabu vidonge tukasahau kupima vidole.

Kama ganzi haichagui kidole, bali ilianza kwenye nyayo zote mbili, ikapanda hadi magotini, ndipo mikono ikafuata, fikiria kisukari. Pombe ya miaka mingi hufanya vivyo hivyo, na Virusi vya UKIMWI pia. Usisahau dawa: isoniazidi, inayotumika kutibu na kukinga kifua kikuu, humaliza vitamini B6 mwilini, ndiyo sababu mgonjwa hupewa na kidonge cha vitamini hiyo. Asiyekipata aulize, asiache dawa ya kifua kikuu.

Kwa mwenye kisukari mkono una hatari nyingine. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walieleza wagonjwa waliowaona Dar es Salaam kati ya 1998 na 2002: mtu anachubuka kidogo au anaumwa na mdudu mkononi, anapuuza au anajitibu nyumbani, na baada ya siku chache mkono mzima umevimba na kuoza. Wengine walikatwa vidole au mkono, wengine walikufa. Sote tumefundishwa kuangalia miguu ya mwenye kisukari. Mikono haina kampeni. Mkono wa mwenye kisukari uliovimba ni dharura ya siku ile ile, hata kama kesho ni siku ya soko.

Dawa zikishafanya kazi yake, mara nyingi ganzi yenyewe hubaki, na aliyebaki nayo anahitaji stadi. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma havidondoki kwa ugonjwa. Vinaliwa na majeraha ambayo mwenyewe hayasikii. Alipochunguza vidole vilivyokuwa vikipungua usiku, aligundua ni panya wanaovitafuna mgonjwa akiwa amelala; tangu hapo waliokuwa wakirudi makwao walipewa paka.

Kwa hiyo mkono usiohisi hulindwa kwa macho. Katika baridi ya Juni na Julai hapa Tukuyu, kila nyumba inaota moto, na jiko la mkaa huchoma viganja visivyosikia kabla harufu haijafika puani. Kaa mbali kuliko wenzako. Sufuria ya ndizi usiiepue kwa ncha ya kanga. Tumia kitambaa kinene kilichokunjwa, tena kikavu, maana kilicholowa hupitisha moto. Kikombe cha bati chenye chai kisikae mikononi. Joto la maji pima kwa kiwiko cha mkono kama hapo bado unahisi, la sivyo muulize mtoto. Mvuta sigara aache, au angalau asiishike hadi mwisho.

Mkono usiohisi hauna kipimo, hivyo hukaba mno. Mpini wa jembe au fyekeo unaoshikwa hivyo hutoa malengelenge kwa nusu saa. Uviringishie vipande vya tyubu ya baiskeli hadi uwe mnene, badilisha mkono mara kwa mara, na kila ukipumzika fungua viganja uviangalie. Wekundu usioisha ni onyo. Lengelenge likitokea, kazi ya mkono huo imekwisha mpaka lipone. Ushauri huu unachukiwa na kila mkulima niliyempa, wala siwalaumu, chai haingoji. Lakini kidonda kinachopumzishwa hupona, na kinachofanyishwa kazi hufika kwenye mfupa.

Jioni loweka mikono katika maji ya kawaida dakika 20, kisha paka mafuta kabla haijakauka. Mshipa uliokufa hauleti jasho, ngozi hukauka na kupasuka, na ufa ni mlango wa wadudu. Mafuta ya alizeti yanatosha. Vidole vilivyojikunja vinyooshwe kila siku: weka mgongo wa mkono juu ya paja, vitandaze polepole kwa kiganja cha mkono mwingine, shikilia, achia, rudia. Vikibaki laini, daktari mpasuaji anaweza baadaye kuhamisha kano na kuvirudishia kazi. Vikishakakamaa, hata upasuaji hausaidii sana.

Maumivu ya kuungua na kuchomwa sindano, ambayo huja pamoja na ganzi kwa wengine, hayasikii sana diklofenaki za dukani. Ziko dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, kama amitriptilini ya kiwango kidogo usiku, lakini hizo ziandikwe na daktari.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Mgonjwa hufumba macho, mpimaji humgusa taratibu kwa ncha ya kalamu sehemu chache za kiganja, naye aonyeshe alipoguswa. Kisha hupimwa nguvu: kidole kidogo kikitanuliwa nje, gumba likiinuliwa kutoka kiganjani, kiganja kikiinuliwa juu. Zahanati yoyote ya Rungwe inaweza kufanya hivyo, na Hospitali ya Wilaya ya Makandana pale Tukuyu, pamoja na hospitali za Igogwe na Itete, zinaweza kuendelea hapo. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na ni haki yako kuomba kumwona.

Ganzi ya mkono ikizidi wiki mbili, nenda. Ukifika usianze na kupe wala na ulichosoma kwenye simu. Taja kidole, taja ilianza lini, na usiondoke kabla mkono wako haujapimwa kwa kalamu.