Kabla ya kuhamia mtaa mpya, uchunguze kwa miguu yako

Mwaka jana alifika kwenye kliniki yangu mzee mmoja aliyefanya kazi ya ukarani hapa Mombasa kwa karibu miaka 30, muda wote huo akiishi katika nyumba ya kupanga huko Kuze, Mji wa Kale. Alipostaafu alitimiza ndoto ya kila mfanyakazi. Alijenga nyumba yake mwenyewe upande wa Mtwapa, yenye vyumba vinne, ua mpana na mahali pa kuegesha gari. Mwaka na nusu baadaye alikuwa ameongezeka kilo 9, akiamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, na damu yake ilipopimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ilikuwa 11. Ikifika 7 tu, sisi madaktari huanza kuzungumza habari ya kisukari.

"Daktari, wallahi chakula ni kile kile," aliniambia. "Mpishi ni mke wangu, na hajabadilisha kitu."

Nilimsadiki. Nikamwomba anieleze siku yake ya kawaida alipokuwa Kuze. Msikiti ulikuwa mita kama 250 kutoka mlangoni kwake, naye hakukosa sala. Tupige hesabu pamoja, ndugu msomaji: kwenda na kurudi ni mita 500, mara tano kwa siku, jumla kilomita mbili na nusu. Kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima, hiyo ni nusu saa ya kutembea kila siku, yaani dakika 210 kwa juma. Bado hujahesabu kwenda Marikiti kununua samaki na nazi, wala kahawa chungu ya jioni. Leo msikiti ulio karibu naye uko ng'ambo ya barabara kuu, na huenda kwa gari, tena Ijumaa tu. Mkate huletwa na kijana wa bodaboda.

Mzee huyu hakuwahi kufanya mazoezi maishani mwake. Mtaa ndio uliokuwa ukimfanyisha, bila yeye kujua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma. Mwendo wa wastani ni ule ambao waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Zamani tuliwaambia wagonjwa kwamba lazima watembee dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa, na hata safari fupi ya dukani ina faida yake. (Mashehe wetu hutukumbusha kwenda msikitini kwa utulivu, nami sitawapinga. Basi harakisheni wakati wa kurudi.)

Faida yenyewe hupatikana namna hii. Misuli ya mapaja na ya mashavu ya miguu ni mikubwa, na inapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata kwa mtu ambaye insulini yake imeanza kulegea. Ndiyo maana dakika 15 za kutembea baada ya chakula cha usiku humfaa mwenye kisukari kuliko kujinyoosha mbele ya televisheni. Mishipa ya damu nayo hutanuka, na baada ya majuma kadhaa shinikizo hushuka kidogo. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva waliokaa kutwa nzima walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya makondakta, ambao kutwa walipanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli. Kwa haki niongeze kwamba baadaye Morris mwenyewe alichunguza sare za wafanyakazi hao, akagundua kuwa madereva walikuwa na viuno vinene zaidi tangu walipoajiriwa. Vivyo hivyo, huenda wapendao kutembea ndio wachaguao mitaa ya kutembelea. Kwa hivyo siwezi kukuahidi kwamba ukihamia mtaa fulani utapona. Lakini mzee wangu ni mtu yule yule. Kilichobadilika ni mtaa tu.

Sasa wewe unayetafuta nyumba katika mji wetu. Najua utauliza kodi, maji, umeme na shule. Ongeza swali moja: nikitoka mlangoni, miguu yangu itaenda wapi?

Mji wa Kale hauna mpinzani katika jambo hili. Ulijengwa kabla ya motokaa, kwa hivyo vichochoro vyake ni vyembamba na nyumba ndefu za pande mbili hutia kivuli karibu siku nzima. Kutoka Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, hadi Marikiti ni mwendo wa robo saa hivi, na njiani hukosi kitu. Kisha kuna baraza. Wageni huzipiga picha, lakini mimi huziona kwa jicho la daktari. Mwenye magoti mabovu, au ambaye miguu humuuma akitembea kidogo kwa sababu mishipa imeziba, hathubutu kwenda mbali mahali pasipo pa kukaa. Akijua kila baada ya nyumba chache kuna baraza na mtu wa kumwamkua, atatoka. Kasoro zipo pia: nyumba nyingine ni chakavu, ngazi zake ni kali kwa wazee, na siku hizi tuktuk na bodaboda hukupigia honi kwenye upenyo wa mikono miwili.

Ganjoni na Kizingo pia zafaa, ingawa kodi yake si ya kila mfuko. Kizingo ina miti, na jioni una upepo wa bahari pale Mama Ngina, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2019. Lakini wapo wanaokwenda huko kwa gari, wakaketi garini, wakala mihogo ya kukaanga na kurudi nyumbani. Tudor na Majengo zina maduka, shule na misikiti karibu, ila njia za miguu zimevamiwa na biashara na matatu.

Nyali ni jambo jingine. Barabara nyingi za ndani zina miti na utulivu, na asubuhi utawaona watu wakitembea na raba zao. Lakini nyumba zimejitenga nyuma ya kuta ndefu, na duka liko mbali. Hapo utatembea kwa kuamua, na uamuzi huchoka. Mwenzako wa Kongowea, ambaye daraja la Nyali tangu lifunguliwe mwaka 1980 ndilo njia yake ya kuingia kisiwani, mara nyingi hulivuka kwa miguu kwa kuwa hana nauli. Huyo simhubirii mazoezi. Anachohitaji ni njia salama na taa.

Na Likoni? Abiria wa miguu halipi kitu kwenye feri, na ule mlima wa kupanda ukishuka feri ni kipimo cha moyo cha bure. Ikiwa zamani uliupanda ukizungumza, na sasa kifua hubana au bega na taya huuma, kisha ukisimama maumivu huondoka, usingoje mwezi uishe. Nenda kwa daktari juma hilo hilo. Maumivu yasipoondoka baada ya kupumzika, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa kodi, nenda kwenye mtaa wenyewe mara tatu. Nenda asubuhi watoto wanapokwenda shule, uone kama wanavuka barabara kwa usalama. Nenda saa nane mchana, hasa wakati wa kaskazi, uone kama pana kivuli. Pasipokuwa nacho, hutatembea kuanzia Desemba hadi Machi, hata ujiapize namna gani. Tena nenda baada ya isha ukiwa na mkeo au dada yako, na umwulize yeye, si wewe, kama angeweza kupita hapo peke yake. Katika miaka iliyopita kumekuwa na sehemu za Kisauni, Likoni na hata Mji wa Kale ambako magenge ya vijana wenye mapanga yaliwafanya watu wafunge milango mapema. Siwezi kumwandikia mama dawa ya kutembea jioni ikiwa jioni ndiyo hatari yenyewe. Mvua za masika zikinyesha, rudi mara ya nne, uone maji ya mitaro yanakwendea wapi.

Wenye kisukari wawe na hadhari zaidi. Msitembee kwa ndara wala miguu mitupu, kwani msumari waweza kukuingia usihisi. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na kila usiku kagua nyayo, ukitumia kioo ikiwa huwezi kuinama. Anayemeza vidonge vya kumpunguza maji mwilini asitembee jua kali, na amwulize daktari wake kiasi cha maji ya kunywa.

Mzee wangu aliniuliza kama arudi Kuze. Nyumba ile ina mpangaji mwingine, na mkewe anaupenda ua wake. Tulikubaliana kwamba bodaboda ya mkate isimamishwe. Sasa hupita njia ya ndani ya mchanga, yenye mikorosho, hadi duka lililo dakika 20 kutoka kwake. Huenda asubuhi kununua mkate na jioni kununua maziwa, na amempata jirani wa kufuatana naye. Amepungua kilo 4, na mwezi uliopita sukari ilikuwa 7.6. Vidonge bado anameza. Binti yake anaolewa karibuni na anatafuta nyumba, akivutwa huku na Ganjoni na kule na Nyali. Baba yake amemwambia watakwenda kuziona pamoja, na gari litabaki Mtwapa.