Sura ya 6: Rangi Iitwe kwa Kazi Yake

Mwambie fundi cherehani akutafutie uzi wa damu ya mzee, hatakuuliza mara mbili. Kiswahili kimezoea kuazima majina ya rangi kutoka kwa vitu: zambarau ni tunda, kahawia imetoka kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu. Na kama macho yenu yanatofautiana kidogo, mtaweka nyuzi mbili juu ya kitambaa na kuchagua.

Kompyuta haina kitambaa cha kulinganishia. Kwake rangi ni namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Hapo zinapatikana rangi 16,777,216, na hakuna atakayezikariri. Ndiyo maana X Window System, mfumo wa madirisha uliozaliwa MIT mwaka 1984, ulikuja kuwa na faili liitwalo rgb.txt: huku namba tatu, huku jina. Mwandishi wa programu anataja "navy", seva ya mfumo huo, inayochora skrini, inatafuta namba zake.

Juu ya mfumo huo John Ousterhout, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijenga Tk, seti ya zana za kuundia vitufe, menyu na madirisha. Skrini nyingi za siku zile zilionyesha rangi 256 tu kwa wakati mmoja, na programu zote zilizo wazi ziligawana nafasi hizo 256. Kwa hiyo Tk ikawa na daftari lake. Kitufe cha kwanza kikiomba "navy", Tk inaomba nafasi kwa seva, kisha inaandika: mtumiaji mmoja. Kitufe cha pili kikitaja jina lilelile, seva haisumbuliwi tena. Hesabu inapanda kuwa mbili. Dirisha likifungwa, hesabu inashuka, na ikifika sifuri nafasi inarudishwa ili wengine waitumie. Nafasi zikijaa zote, Tk huchukua rangi iliyo karibu zaidi na ile iliyoombwa.

Uhaba huo umekwisha. Lililobaki ni swali la jina lenyewe. Kwenye X, "green" ilikuwa 0, 255, 0. Kwenye wavuti, jina hilohilo ni 0, 128, 0. Tk 8.6, iliyotoka Desemba 2012, iliamua kufuata wavuti. "Maroon" na "purple" zikabadilika pia, na "gray" ikashuka kutoka 190 hadi 128. Uamuzi ulikuwa sahihi, kwa maana watu wengi walikwisha kuzoea majina ya wavuti. Lakini mfikirie aliyeandika "gray" kuwa mandhari ya nyuma ya maandishi meusi: anaweka toleo jipya, hajagusa mstari hata mmoja, na dirisha lake limekuwa gumu zaidi kusomeka. Alitaja sura ya rangi mahali alipopaswa kutaja kazi yake.

Chukua programu ya duka la dawa. Neno "red" limeandikwa mahali arobaini: dawa zilizokwisha muda, kitufe cha kufuta, nembo ya duka. Mwenye duka anataka nembo iwe zambarau. Ukibadilisha "red" kote, dawa mbovu nazo zinakuwa zambarau. Dawa ya hili ni ngazi mbili. Ya chini ina rangi na namba zake, tuseme nyekundu ni 200, 30, 30. Ya juu ina kazi: onyo, kufuta, nembo, na kila kazi inaelekeza kwenye rangi ya chini. Kitufe kijue ngazi ya juu peke yake. Qt, seti nyingine ya zana za kuundia madirisha, imefuata njia hii: palette yake, yaani orodha yake ya rangi, ina majina ya kazi kama usuli wa dirisha, maandishi yake na kilichochaguliwa, na kila kazi ina rangi kwa dirisha linalotumika, lisilotumika na kifaa, kama kitufe, kilichozimwa.

Tk yenyewe, tangu toleo la 8.0, inakuruhusu kuipa fonti jina lako. Ukiibadilisha fonti, madirisha yote yanafuata. Rangi haikupewa heshima hiyo, na mimi naona ni pengo. Kitufe cha kawaida cha Tk husoma rangi zake za msingi kinapozaliwa, kisha hubaki nazo. Ndiyo maana amri ya tk_setPalette hulazimika kupita kifaa kimoja baada ya kingine.

Mandhari ya giza ilipoingia macOS mwaka 2018, kisha iOS na Android mwaka 2019, programu zilizoomba rangi kwa kazi zilihama kwa urahisi. Zilizoumia zaidi ni zile za nusunusu: maandishi yaliombwa kwa kazi, yakageuka meupe, juu ya usuli ulioandikwa mweupe kwa namba. Basi usuli na maandishi yake viitwe pamoja, vibadilishwe pamoja.

Na vipimwe. Miongozo ya WCAG, ya kufanya wavuti usomeke na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Onyo letu, 200, 30, 30, juu ya nyeupe linapata kama 5.7. Juu ya usuli wa usiku wa 18, 18, 18 linaporomoka hadi 3.3 hivi, na mfamasia wa zamu anasoma kwa shida. Usiku, onyo lielekezwe kwenye 255, 110, 110, ambayo inapata karibu 6.9. Kitufe hakiguswi, bado kinaomba onyo.