Ritaima Kutumiwa kama Amplifaya: Kunakili au Kukuza?

Ishara isafiriyo katika waya wa shaba hufifia kadiri inavyokwenda mbali, na sehemu zake zenye mapigo ya kasi hufifia kuliko zile za polepole. Matokeo yake ni kwamba biti, yaani moja na sifuri, huanza kuingiliana, na chombo kipokeacho hushindwa kuzitambua. Uhandisi una dawa mbili za ugonjwa huo: amplifaya na ritaima. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo baina yake, na kwa nini mara nyingine ritaima hupewa kazi ya amplifaya.

1. Tofauti ya kazi

Mfano wa hati za kale utasaidia. Msomaji awekaye kioo cha kukuzia juu ya hati ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu huziona herufi kubwa, lakini madoa nayo hukua. Hiyo ndiyo amplifaya. Mnakili, kwa upande wake, huisoma kila herufi, huamua ni ipi, kisha huiandika upya katika karatasi safi, madoa hayamfuati. Hiyo ndiyo ritaima. Ndani ya chipu hiyo mna sehemu irekebishayo umbo la ishara, saa ifuatayo mwendo wa biti, na sehemu ya kuamua kama kilichofika ni moja au sifuri. Kisha biti hutolewa upya, kwa nguvu mpya na kwa wakati wake sahihi.

Hata hivyo, mnakili akikosea nukta, akaisoma ba kuwa ta, kosa lake huandikwa kwa wino safi, na msomaji wa baadaye huenda asilishuku.

2. Sababu za kubadili kazi

Saa ya ritaima haifuati kila kasi. Chipu iliyoundwa kwa Ethernet ya gigabiti 10, ambayo kasi yake halisi katika waya ni gigabiti 10,3125 kwa sekunde, huenda isiweze kuifuata ishara ya kasi nyingine. Kwa hiyo baadhi ya chipu zina njia ya pembeni: ishara hurekebishwa umbo na kutiwa nguvu, lakini huiruka saa. Faida yake ni mbili: kasi haibani tena, na ucheleweshaji hupungua.

3. Hasara zake

Saa ikirukwa, kusahihisha wakati nako kumerukwa. Mtetemo wa wakati ulioingia hutoka pamoja na ishara, na chipu kadhaa zikifuatana, mtetemo hujumlika. Kadhalika, chipu nyingi za namna hiyo hukata kimo cha ishara kibaki katika viwango viwili tu. Basi hazifai kwa ishara yenye viwango vinne, seuze ya sauti. Tena, ritaima za PCI Express hushiriki mapatano ya vyombo viwili kabla ya data kupita. Haifai kudhani kwamba zitageuka amplifaya kwa kubadili swichi moja.

4. Funzo la baharini

Suala hili si geni. Kebo ya TAT-8, iliyounganisha Marekani, Uingereza na Ufaransa mwaka 1988, ilitumia vituo vya kuziunda upya biti chini ya bahari. Vituo hivyo vilifungwa na kasi vilivyozaliwa nayo. Kebo ya TAT-12/13, iliyokamilika mwaka 1996, ilitumia amplifaya za mwanga zenye elementi ya erbiamu, zisizojali kasi ya biti. Kelele iliongezeka katika kila hatua, lakini hesabu yake ilikuwa imefanywa mapema.

Hitimisho

Ritaima yaweza kutumiwa kama amplifaya iwapo njia ni fupi, kelele ni chache, na waraka wa chipu unairuhusu njia ya pembeni. Pasipo masharti hayo, atumiaye hivyo amemwajiri mnakili, kisha akamkataza kusoma.