Kanda za Ziara Zisiachwe Zikaoza

Juni 1975 timu ya kriketi ya Afrika Mashariki ilikuwa Uingereza kushiriki mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia. Wachezaji wake walitoka Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, na nahodha wao alikuwa Harilal Shah. Ilicheza mara tatu, nayo ikashindwa mara tatu: na New Zealand, na India, kisha na Uingereza wenyewe. Kombe lilitwaliwa na West Indies, timu ya visiwa vya Karibi pamoja na Guyana.

Hayo yamo vitabuni. Lakini hesabu ya mbio na wiketi si habari yote ya safari. Namna vijana wa nchi nne walivyokaa meza moja, walivyotaniana ndani ya basi, na nyuso zao walipotoka kiwanjani wameshindwa, hayo kitabu cha matokeo hakiyaandiki. Hayo huhifadhiwa na filamu ya nyumbani, inayopigwa na mchezaji au jamaa aliyefuatana na timu.

Kamera za Super 8, zilizoanza kuuzwa mwaka 1965, ziliirahisisha kazi hiyo. Ukanda mmoja ulitosha kwa dakika tatu hivi, na mara nyingi haukuwa na sauti. Mwenye kamera alilazimika kuchagua. Na kwa kuwa mchezo wenyewe ulikuwa na wapigaji wake rasmi, yeye aliwageukia wenzake. Ndiyo maana hifadhi za filamu za nchi kama Australia huzitunza kanda za watu binafsi kama zitunzavyo za makampuni.

Timu ile ya pamoja haipo tena. Kila nchi hucheza kwa jina lake. Ukanda wowote wa ziara kama ile, uwe wa kriketi au wa mchezo mwingine, ni shahidi asiye na badala. Na shahidi huyo ana adui. Joto na unyevu, ambavyo visiwani kwetu havikosi, huozesha ukanda: hutoa harufu ya siki, hujikunja, kisha picha hupotea, na ukanda uliooza huambukiza ulio jirani yake.

Kwa hiyo tunawasihi wananchi wenye kanda za namna hiyo makabatini wasizitupe, wala wasizipitishe katika mashine kuukuu zikakatika. Waziweke mahali pakavu penye hewa, na waandike majina ya wanaoonekana maadamu wapo wanaowatambua. Nao viongozi wahusika hawana budi kuzifungulia mlango Nyaraka za Taifa, Kilimani: zipokewe, zinakiliwe kwa mitambo ya kisasa, na wenyewe warudishiwe nakala.

Gharama yake ipo, hatuikatai. Lakini kombe lililopotea mwaka huu laweza kutafutwa mwaka ujao. Picha ikishaliwa na siki, hairudi.