Saa ya Rescorla na Risasi za Strathmore

Novemba 30, 2015, milio ya risasi ilisikika katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi. Watu wakaruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki, wengine wengi wakaumia. Gaidi hakuwapo. Lilikuwa zoezi, na jeraha la shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lilikuwa bado bichi. Chuo kiliomba radhi.

Kila nikiikumbuka habari hiyo namfikiria Rick Rescorla, askari wa zamani aliyepigana Vietnam, kisha akasimamia usalama wa kampuni ya Morgan Stanley katika mnara wa kusini wa World Trade Center, New York. Huyu alikuwa bingwa wa kuwachosha watu.

Baada ya bomu la 1993 kulipuka chini ya minara ile, aliona kwamba wenye jengo si wa kutegemewa. Basi kila baada ya miezi mitatu, madalali wa hisa, ambao kwao dakika ni fedha, waliacha simu mezani, wakajipanga wawili wawili na kushuka ngazi hadi ghorofa ya 44. Yeye kasimama, saa mkononi, anapima muda na kuwakaripia wanaojivuta. Wakubwa walinung'unika. Nani anapenda kumkatia mteja simu akakimbizane na hatari isiyoonekana? Mzee hakujali, miezi mitatu ikifika, ni ngazi tena.

Septemba 11, 2001, mnara wa kaskazini ulipogongwa na ndege, watu wa mnara wa kusini walitangaziwa wabaki ofisini. Rescorla akachukua kipaza sauti cha mkononi, akawaamuru washuke. Akawaimbia nyimbo za kwao Cornwall, Uingereza, ili wasitaharuki. Kati ya wafanyakazi wapatao 2,700, karibu wote walipona. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, mnara ukaanguka naye.

Lakini mwenye bunduki akiwa ngazini, je? Katika shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 2019, wapo waliookoka kwa kujifungia ndani saa nyingi. Nani atatufundisha lini tukimbie na lini tujifiche, bila kutuua? Na mlinzi wetu wa getini, mwenye mshahara mdogo kuliko wote, atathubutu kumkatiza mkurugenzi mkutano?

Jumatatu, waulize wakubwa wako kazini zoezi lijalo ni lini. Wasipokuwa na tarehe, shuka ngazi mwenyewe hadi chini, uone kama mlango wa dharura umetiwa kufuli.