Kisu cha mfukoni: Vidole vinne vyatosha

UKIFIKA mapema katika soko la Ruvumera, hapa Buyenzi, utawakuta wafanyabiashara wakifungua mizigo. Mmoja anakata kamba ya nailoni iliyofunga robota la caguwa, yaani mitumba, jina ambalo Warundi wamelitoa kwenye neno letu la Kiswahili "chagua". Wa pili anafumua mshono wa gunia la mchele. Wa tatu anamenya nanasi la mteja. Wote watatu wameshika visu vidogo vya kukunja na hakuna mpita njia anayewatazama mara mbili.

Sasa mchukue mmoja wao, umpandishe basi la jioni la kwenda Kinama, halafu atoe kisu kile kile ili amenye chungwa lake. Jirani yake atasogea pembeni. Mama aliyekaa nyuma atamvuta mtoto wake karibu. Kisu hakikubadilika, na mwenye kisu ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali, saa na macho ya watu.

Ndugu msomaji, huenda ukaliona jambo hili kuwa dogo. Mimi liliwahi kunigharimu karibu miaka miwili, na ndiyo maana nimeamua kuliandikia, hasa kwa ajili ya wenzangu tuliorudi kutoka ukimbizini na wale wanaovuka mipaka kila wiki na mizigo yao.

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Shule nilisomea huko huko Tanzania. Darasani tulichonga penseli kwa wembe, na shambani, kwa kuwa wazazi wetu walilima tumbaku, kijana wa kiume alikuwa na kisu cha kukunja cha kukatia kamba. Cha kwangu alikinunua marehemu baba mnadani. Kilikuwa na mpini wa mti, na kikifunguliwa kilitoa mlio mkali. Hakuna mtu kule aliyekiita silaha.

Mwaka 2009 nilirudi nyumbani na mama, tukapitia Kigoma, Manyovu na Mugina. Kisu cha baba kilikuwa mfukoni mwangu.

Kwenye kilima chetu, upande wa Rumonge, tulikuta shamba la baba lina familia nyingine iliyokwisha kuishi pale miaka mingi. Haikuwa ajabu. Kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi kiasi kwamba serikali ilikuwa imeunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, mwaka 2006. Sisi tulianzia kwa wazee wa bashingantahe, ambao walitukalisha pamoja chini ya mwembe. Mazungumzo yalianza vizuri. Tulisalimiana, tukapeana pole za misiba, hata tukacheka kidogo.

Mama alikuwa amebeba karatasi za zamani kwenye bahasha aliyoifunga kwa kamba ya katani. Fundo likawa gumu, akanipa nilifungue. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kisu, nikakifungua. Mlio ule ukasikika.

Yule baba wa familia ya pili aliruka kutoka kwenye kigoda chake. Mkewe akapiga ukelele. Vijana wao wawili waliosimama nyuma wakainama kuokota mawe. Mimi nimekaa, kisu mkononi, sielewi kitu. Mzee mmoja akaninyooshea mkono, akasema taratibu: "Mwalimu, lete hapa." Nikampa. Akaikata kamba yeye mwenyewe, akakikunja kisu, akakiweka chini mbele ya wote. Hata hivyo, kikao kilikuwa kimekwisha. Haikupungua miaka miwili kabla ya familia zile mbili kukubali kukaa tena mahali pamoja na kugawana shamba.

Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba ndugu wa yule baba aliuawa mwaka 1993. Ikumbukwe kwamba baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21 mwaka ule, watu wengi vijijini hawakufa kwa bunduki. Walikufa kwa vitu vilivyokuwa ndani ya nyumba: mapanga, mihoro, visu. Mimi niliyasikia hayo kwenye redio nikiwa Ulyankulu. Yeye aliyaona. Kwa hiyo siku ile chini ya mwembe, mimi nilitoa kifaa cha kukatia kamba na yeye aliona kitu kingine kabisa, na wote wawili tulikuwa wakweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama jinsi watu wanavyobeba visu hapa Bujumbura. Nimegundua kwamba urefu una maana, lakini hauji wa kwanza. Mkulima anayeshuka kutoka vilimani alfajiri na umuhoro begani hamtishi mtu, ingawa makali yake ni makubwa kuliko ya visu kumi vya mfukoni. Anaonekana, anajulikana anakokwenda. Umuhoro huo huo ukizungushiwa kitambaa na kubebwa saa mbili usiku, mtaa mzima utaamka.

Waliofika Dar es Salaam wamewaona vijana wa Kimasai wanaolinda maduka wakiwa na sime kiunoni, na wateja wanaingia bila wasiwasi. Wafanyabiashara waliofika Oman wanalijua jambia, ambalo wenyewe huliita khanjar: limechorwa hata kwenye bendera ya nchi, na wanaume hulivaa mbele ya tumbo siku za heshima. Silaha iliyo wazi na yenye desturi yake huwatuliza watu. Kinachowatia hofu ni kisu kilichofichwa, kisha kikatokea ghafla.

Na kisu cha mfukoni, kwa maumbile yake, ni kisu kilichofichwa. Hapo ndipo urefu unapoingia.

Mzee mmoja wa Buyenzi, ambaye kazi yake ni kunoa visu kwa jiwe linalozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, alinipa kipimo chake. Aliweka vidole vinne vya mkono wake juu ya kisu changu, akaona ncha imepita. "Hiki kimepita vidole vinne," akasema. "Mwenye hiki akikamatwa nacho usiku, ataeleza sana." Kwake yeye, kisu cha vidole vinne kinatosha kwa kamba, kwa gunia, kwa tunda na hata kwa kupaa magamba ya mukeke. Kinachozidi hapo ni cha jikoni au cha shambani, na mahali pake si mfukoni.

Nilidhani ni maneno ya mzee tu, hadi nilipolinganisha na yanayofanyika kwingine. Vidole vinne vya mtu mzima ni kama sentimita 7 hadi 8. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kubeba hadharani kisu cha kukunja bila kutoa sababu, mradi makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.6, na kisiwe cha aina inayojikaza kikishafunguliwa. Kumbe mnoaji wetu wa Buyenzi na wabunge wa London wamekutana karibu mahali pamoja!

Watengenezaji nao wamehangaika na swali hilo hilo. Huko Ufaransa, Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake vya mpini wa mti mwaka 1890, na baada ya miaka michache akavipanga kwa namba, kuanzia 1 hadi 12. Namba 1 ilikuja kuachwa kwa kuwa ilikuwa ndogo mno kwa kazi. Iliyopendwa kupita zote ni namba 8, ambayo makali yake ni sentimita 8.5. Kisu cha Okapi, ambacho wazee wengi wanakifahamu, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika, na baadaye kazi hiyo ikahamia Afrika Kusini. Kilikusudiwa kuwa kisu cha bei nafuu cha mfanyakazi. Hata hivyo, huko Afrika Kusini kilipata sifa mbaya kwa sababu ya magenge ya mijini. Kisu hakina kosa, lakini sifa ya waliokishika humfuata kila anayekishika baada yao.

Kwa wale wanaosafiri kwa ndege, kipimo ni kifupi zaidi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, viwanja vingi vimekataza kuingia ndani ya ndege na kisu chenye makali yanayozidi sentimita 6, na Marekani inakataza karibu visu vyote. Kiweke kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, la sivyo utakiacha mezani kwa wakaguzi.

Mpakani hakuna rula. Kila kizuizi kina mlinzi wake, na kila mlinzi ana siku yake. Mama mmoja mchuuzi wa vitenge, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivuka kwenda Uvira kupitia Gatumba, aliniambia kwamba kisu chake hakibebi mwilini hata siku moja. Hukifunga kwenye mzigo, pamoja na kamba na sindano ya kushonea magunia. "Mwalimu," anasema, "kikiwa na kamba na sindano, kila mtu anaona ni cha kazi. Kikiwa mfukoni peke yake, wanauliza ni cha nani."

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sikatai. Lakini katika nchi ambayo wengi wetu tuna kaburi la ndugu aliyekatwa, mwenye kisu hana budi kufikiria pia macho ya anayekaa karibu naye. Hivyo nawashauri wenzangu waliorudi: chagua kifupi, kisichotoa mlio. Kabla ya kukitoa, sema unachotaka kufanya: "Nikate kamba hii." Kifungue kwa mikono miwili, taratibu, ncha ikielekea chini. Ukimaliza, kikunje mbele ya watu. Na ukienda kuzungumzia ardhi, msiba au deni, kiache nyumbani, na fundo lifungue kwa meno.

Siku hizi nabeba kidogo cha vidole vitatu, nimekifunga pamoja na funguo za nyumba. Kile cha baba kipo jikoni, ambako mama anakimenyea mihogo. Mwaka jana yule baba wa familia ya pili alikuja kututembelea, akakuta mama anakitumia. Alikitazama kwa muda. Kisha akavuta kigoda, akakiomba, akamsaidia kumenya.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu anayeishi Bujumbura.